Datsun 240Z ya 1972: viti, milango na geji za ukoo mmoja zisizokubali kukaa pamoja

Bodi ilitoka kwa fundi wa rangi mwezi wa Februari, na tangu hapo kazi yangu yote imehamia ndani ya gari. Nililinunua likiwa limevuliwa karibu kila kitu isipokuwa usukani, ambao uko upande wa kulia, na dashibodi iliyopasuliwa na jua katika sehemu nne. Vifaa nilivyofanikiwa kukusanya kwa mwaka mzima vimetoka kwenye magari matatu tofauti: viti vya 260Z, paneli za milango za 260Z ya viti vinne, na geji moja ya katikati kutoka 280Z. Magari hayo yote ni ya ukoo wa S30, jina la kiwandani la kizazi cha kwanza cha Datsun Z, lakini ndugu hawa hawavai kiatu kimoja.

Kabla ya kushika spana nilijiwekea sharti kwamba sitatoboa tundu jipya hata moja kwenye bati la gari. Kisipoingia kifaa, kitakachokatwa au kuchongwa ni kifaa chenyewe. Majirani wanaopita gerejini hunishauri niachane na usumbufu huu na kulifanya lifanane na yale ya Safari Rally, kwa kuwa ni 240Z iliyompa Edgar Herrmann ushindi mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973. Nawaelewa, ila gari langu liliuzwa kwa ajili ya barabara za kawaida, na ndivyo ninavyotaka lirudi.

Viti vilinichukua wikendi mbili. Matundu ya mbele ya reli yalilingana na ya sakafuni, lakini ya nyuma yalipishana kwa karibu upana wa kidole. Nilikata vipande vinne vya chuma bapa cha milimita 5, nikavitoboa ili upande mmoja ushike matundu ya zamani ya sakafu na upande wa pili ushike reli, kisha nikavifunga kwa bolti za daraja la uimara la 8.8, kwa sababu kiti ndicho kinachomzuia mtu gari linapogonga, na bolti ya kuokoteza hapo ni hatari. Kwa bahati mbaya vipande hivyo pamoja na reli mpya viliinua kiti, na nilipoketi kichwa changu kiligusa kitambaa cha paa. Ilibidi nirudi kwa fundi wa viti, apunguze sponji ya chini na kubadilisha mikanda ya mpira iliyokuwa imelegea. Sasa vidole viwili vinapita kati ya nywele na paa, na hilo linanitosha.

Fundi huyo huyo nilimpelekea kipande cha ngozi ya bandia yenye nakshi ya almasi, ile inayofunika handaki la gia katikati ya viti, nikamwomba anitengenezee mfano wake. Alikigeuza, akapitisha ukucha kwenye mistari, akaniambia, “Mzee, hii haikushonwa. Hii ilipigwa chapa kwa moto.” Alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimekitazama kipande hicho kwa miezi bila kugundua kwamba hakina uzi. Tulikubaliana asikishone, nami nitaendelea kutafuta kilichopigwa chapa.

Paneli za milango zilikuwa hasara. Muuzaji aliniapia kwamba mlango wa Z ni mlango wa Z, nami sikupima kabla ya kulipa. Gari la viti vinne lina milimita 2,605 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilhali langu lina 2,305, na sehemu ya urefu huo wa ziada imeingia mlangoni. Nimezitumia kama ghala la mishikio na klipu, kisha nikachonga paneli mpya kwa plaiwudi ya milimita 3, nikihamisha nafasi za klipu kutoka mlangoni kwa karatasi na penseli. Nyuma yake nilibandika nailoni nzito, kwa maana maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kupitia mpira wa kioo, na plaiwudi isiyokingwa huvimba ndani ya msimu mmoja.

Rafiki alikuwa amenipa dashibodi nzima ya 280Z, lakini modeli hiyo iliuzwa Amerika Kaskazini tu, hivyo usukani wake uko kushoto. Nilichukua geji peke yake, kwani mviringo hauna kulia wala kushoto. Hapo palihitaji utulivu. Geji ya asili ya 240Z ina ameta, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, pamoja na kipimo cha petroli, na ameta huunganishwa kwa mfululizo, yaani umeme wa gari hupita ndani yake. Hii ya 280Z ina voltimita, yaani kipimo cha volti, ambayo huunganishwa sambamba, pembeni ya njia ya umeme huo. Kuchomeka moja mahali pa nyingine bila kubadilisha nyaya kungekata umeme wa gari. Nilitoa betri, nikaziunganisha pamoja zile nyaya mbili nene za ameta kwa risasi na kuzivisha kifuniko, halafu nikaipa voltimita waya wake kutoka kwenye swichi kupitia fyuzi ndogo. Injini ikiwa imezimwa inaonyesha 12. Ikiwaka inapanda hadi karibu 14.

Kilichobaki ni weusi. Viti, paneli na dashibodi niliyoiziba nyufa nimevipaka rangi ileile ya vinili, na chini ya taa ya gereji sikuona tofauti. Jumapili nililisukuma gari nje saa sita mchana, na paneli ya kushoto ikaonekana ya samawati. Nitaipaka upya, safari hii juani.