Taa zinakimbia, hewa imetulia: kazi yangu huku Tromsø

Tangu nianze kuweka status picha za hizi taa za kijani, yaani aurora, mwanga unaocheza angani usiku huku karibu na ncha ya dunia, watu wanadhani nimekuja Norway kutalii, mjomba kaniuliza kabisa eti unalipwa kwa kuangalia mbingu? Ndio mjomba, nalipwa, sio sana lakini nalipwa.

Huku kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi, kwa hiyo kamera zetu zinazoona anga zima zinapiga kazi saa nyingi kwa siku. Mawingu yakija ndo basi, ila rada haijali mawingu. Rada ya EISCAT, shirika la utafiti wa anga la juu, iko Ramfjordmoen, nje ya mji, ina dishi la mita 32, inarusha mawimbi juu halafu inasikiliza mwangwi mdogo mnoo unaorudishwa na elektroni, humo tunapata wingi wa elektroni hizo, joto, na kasi ya plazima, yaani gesi ya huko juu yenye chembe za umeme.

Sasa wengi wanaamini pazia la kijani likikimbia kwenda mashariki basi na hewa ya huko juu inaenda mashariki. Wapi! Mwanga unatokea pale elektroni zinaposhuka kwa kasi na kugonga oksijeni, kilomita 100 na kitu juu, sehemu zinaposhukia ikihama na taa inahama, hata kama kilichogongwa hakijasogea. Ni kama lile wimbi la mashabiki uwanjani, linazunguka uwanja mzima na hakuna aliyehama kiti. Plazima ina njia yake, inasukumwa na umeme ndani ya sumaku ya dunia, usiku sumaku hiyo ikivurugika inafika hata kilomita 1 kwa sekunde, na mara nyingi mkondo wake mkali unapita pembeni ya taa, sio ndani. Taa nyekundu ndo inanichosha kabisa, maana oksijeni ikishagongwa inaweza kukaa karibu dakika 2 ndo itoe huo mwanga, wakati kijani haimalizi hata sekunde, so picha ya nyekundu ni ya mambo yaliyokwisha kupita.

Rada nayo sio malaika. Dishi moja linajua plazima inakuja au inaondoka tu, ikipita ubavuni halioni kitu, ndo maana ya mradi wa EISCAT_3D, unarushia mawimbi Skibotn na kupokea mpaka Finland na Sweden, pembe tatu kwa mpigo.

Na kwetu karibu na ikweta jua likizama yanapanda mapovu ya plazima, yaani mifuko mikubwa ambamo plazima ni chache, yanayovuruga GPS. Hayo ndo nayataka baadaye, tena hayahitaji koti zito.