Mrithi akishatajwa

Jana usiku nimerudia kutazama hotuba ya Hugo Chávez, rais wa Venezuela wakati huo, ya tarehe 8 Desemba 2012. Anajua anarudi Cuba kupasuliwa. Makamu wake, Nicolás Maduro, yuko pembeni yake, uso umemshuka, huku bosi akiwaomba Wavenezuela wamchague huyo endapo yeye hatarudi kazini.

Oktoba ya mwaka huohuo Chávez alikuwa ameshinda urais kwa takriban asilimia 55. Akafariki Machi 2013, na Aprili Maduro akapenya kwa asilimia 50.6 dhidi ya 49.1 za mpinzani, Henrique Capriles. Chama kilekile, fulana nyekundu zilezile, watu hata matanga hawajaanua! Jina aliachiwa, mvuto hakuachiwa. Nadhani ndiyo maana warithi wa aina hii huishia kuegemea jeshi na mahakama kuliko majukwaa.

Ecuador ndiyo hunichekesha. Rais Rafael Correa alimpigia debe Lenín Moreno amrithi mwaka 2017, jamaa akaingia ikulu, na Februari 2018 akaitisha kura ya maoni iliyomfungia Correa njia ya kugombea tena urais.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhudhuria vikao vya chama kimoja ambacho kila kitu kilimzunguka mtu mmoja: mabango, nyimbo, hata bajeti. Mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Mwenyekiti akichoka, nani anafuata?" Akajibiwa kwamba anamwombea kiongozi mabaya. Kikao kilichofuata hakupewa taarifa, na hakuna aliyeuliza yuko wapi.