Bobby Orr katika jezi nyekundu

Leo nimekaa muda mrefu nikitazama picha za zamani za wachezaji wa hoki ya barafuni, na iliyonigusa zaidi ni ya Bobby Orr akiwa amevaa jezi nyekundu ya Chicago. Namba ni ileile 4 aliyoivaa Boston, lakini macho yangu yaligoma kuikubali, kwa kuwa yamezoea kumwona katika rangi nyeusi na ya dhahabu za Bruins, timu ya Boston aliyoshinda nayo Kombe la Stanley mwaka 1970 na 1972. Alihamia Chicago mwaka 1976, goti lake likiwa limekwisha kuharibika, akacheza huko mechi 26 tu. Picha hiyo inaniuma kweli.

Ya Ray Bourque, kinyume chake, hunifurahisha kila niionapo: baada ya miaka zaidi ya 20 Boston, alikwenda Colorado mwaka 2000 na namba yake 77, na mwaka uliofuata akalinyanyua kombe ambalo hakuwahi kulipata akiwa Bruins. Wayne Gretzky katika jezi ya St. Louis, aliyoivaa miezi michache tu mwaka 1996, bado sijamzoea, ingawa 99 yake haikubadilika.