Makasia ya Ukumbini na Vyuma: Namna Ninavyojenga Mwili Hapa Mwanza

Katika ukumbi ninaofanyia mazoezi hapa Mwanza, foleni ya jioni huwa kwenye mashine za kukimbilia, na vijana hujazana kwenye benchi la kunyanyulia vyuma vya kifua, huku mashine ya kupiga makasia, yenye kiti kinachoteleza na mpini wa kuvuta, ikikaa pembeni bila mtu. Mimi huanzia kwenye mashine hiyo, na kila wiki ninashika vyuma, kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba mambo haya mawili yakiunganishwa yanamfaa mtu wa umri wangu na wa kazi kama yangu kuliko zoezi jingine lolote nililowahi kulifanya.

Kazi yangu ni ya hesabu, ya kukaa kitini tangu asubuhi, na katika ukoo wetu presha na kisukari vimewapata wakubwa zangu wengi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya kuchangamsha moyo kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, na pamoja na hayo aimarishe misuli yote mikubwa ya mwili angalau siku 2 kwa wiki. Watu wengi hushika sehemu ya kwanza ya ushauri huo na kuiacha ya pili. Hata hiyo ya kwanza, katika mji huu wa mawe na vilima, si rahisi kwa kila mtu: kuteremka mbio kutoka kilima cha Bugando ni adhabu kwa magoti ya mtu mwenye uzito mkubwa, na kuogelea ziwani, ambalo ndilo jambo la kwanza mgeni hulifikiria anapoliona Ziwa Victoria, kunamweka mtu katika hatari ya kichocho, kwa kuwa konokono wanaobeba vimelea vyake huishi kwenye kingo zenye magugu na maji yaliyotulia. Mashine ya makasia haina matatizo hayo. Miguu haiachi vibao vyake, hivyo magoti hayapigwi na kishindo, na mwili karibu wote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Tena umeme ukikatika, mashine za kukimbilia zote husimama, lakini hii huendelea, maana nguvu inayoizungusha ni ya mtu mwenyewe.

Inafaa kueleza jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu asiyeielewa huichoka mapema. Mashine ya aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1981 na ndugu wawili wa Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, ambao tayari walikuwa wakitengeneza makasia ya mashua za mashindano, na ile ya kwanza ilitumia gurudumu la baiskeli. Leo gurudumu hilo lina mapanga kama ya feni na limefungiwa ndani ya kasha lenye matundu. Ukivuta mnyororo, mapanga husukuma hewa, na kadiri unavyovuta kwa kasi ndivyo hewa inavyokuzuia zaidi. Hakuna jiwe wala chuma kinachoinuliwa.

Ubavuni mwa kasha kuna kishikio kidogo cha kusogeza chenye namba 1 hadi 10, na takriban kila kijana anayeketi pale kwa mara ya kwanza hukipeleka kwenye 10, akidhani ameongeza uzito. Kishikio hicho hufungua na kufunga njia ya hewa tu. Kwenye 10 kila mvuto huwa wa polepole na mzito, na kiuno hubeba mzigo ambao hakikuandaliwa kuubeba. Kwenye 3 hadi 5 mvuto huwa mwepesi na wa haraka, karibu na hisia ya mashua ya mbio majini. Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo namba ileile hutoa ukinzani mdogo zaidi hapa kuliko huko pwani. Vumbi nalo, likijaa kwenye matundu ya kasha, hupunguza hewa inayopita na kuifanya mashine iwe nyepesi kuliko inavyoonyesha. Ndiyo maana sijali sana namba ya kishikio bali natazama kioo kidogo kilichoko mbele yangu, ambacho hupima kazi halisi na kunieleza ningetumia muda gani kupita mita 500.

Kioo hicho hakimpendelei mtu. Nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe: mtu anayekwenda mita 500 kwa dakika 2 na sekunde 30 hutoa takriban wati 104, na akitaka kuzipita mita hizohizo kwa dakika 2 kamili inambidi atoe takriban wati 203, karibu mara mbili. Anayejua hesabu hiyo hasononeki anapoona muda wake umepungua kwa sekunde moja tu baada ya majuma ya juhudi, kwa sababu sekunde hiyo moja imenunuliwa kwa jasho jingi.

Jambo lililonichukua muda kulizoea ni mpangilio wa mvuto. Mguu hutangulia, mgongo hufuata, mkono humalizia. Na wakati wa kurudi, mkono hutangulia, mgongo hufuata, goti hukunjwa mwisho. Kocha wangu, kijana mwenye umri wa kuwa mwanangu, alisimama nyuma ya kiti changu siku za mwanzo akirudia maneno yaleyale, “Mama, usivute bado, sukuma kwanza,” na kila nilipokunja viwiko kabla miguu haijanyooka aliugusa mnyororo nione ulivyolegea. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende Igombe, ufukweni mwa ziwa, awatazame wavuvi wanavyousukuma mtumbwi kutoka mchangani: mikono imenyooka kwenye ubao, visigino vimezama, na chombo hakisogei mpaka mapaja yameanza kazi. Mkono katika mashine ya makasia hushikilia tu kile ambacho mguu umekizalisha, na huingia kazini pale mpini unapokaribia mbavu za chini. Baada ya hapo mtu arudi mbele bila papara, akitumia karibu mara mbili ya muda aliotumia kuvuta, kwani hapo ndipo anapovuta pumzi. Katika safari ndefu mivuto 18 hadi 24 kwa dakika inatosha kabisa. Ninapomwona mtu akienda mbele na nyuma mara 35 kwa dakika na kioo chake kinaonyesha mwendo mdogo, huwa natamani kumwambia apunguze harakati na aongeze msukumo.

Pamoja na sifa zote hizo, mashine ya makasia pekee haitoshi, na hapa natofautiana na wanaoisifu kuwa ni mazoezi kamili. Yote inayofanya ni kuvuta. Kifua na sehemu ya nyuma ya mikono hupata kazi kidogo sana, na ukinzani wa hewa haufikii uzito unaohitajika ili misuli na mifupa ilazimike kuimarika. Misuli huanza kupungua polepole kuanzia umri wa miaka 30 na kitu, na kasi hiyo huongezeka uzeeni. Kinachoizuia ni kuinua vitu vizito, mara kwa mara, kwa uzito unaoongezwa hatua kwa hatua. Kwa hiyo ninachuchumaa na kuinuka nikiwa na chuma mabegani, ninanyanyua chuma kutoka sakafuni huku mgongo umenyooka, ninasukuma chuma juu ya kichwa, na ninapiga pushapu. Mara nyingi ni seti 3 za kurudia mara 5 hadi 8, na ninapozimaliza zote bila mwili kupinda naongeza kilo 2 au 3 wiki inayofuata. Zoezi la kunyanyua kutoka sakafuni ndilo lililobadilisha mivuto yangu kuliko mengine yote, kwa sababu nyonga na kiuno hufanya palepale kazi ileile ya makasia, ila kwa uzito mkubwa na kwa utulivu.

Dada zangu kazini huniuliza kama sitaota mabega ya kiume. Sitaota. Homoni inayojenga misuli mikubwa ni kidogo sana katika mwili wa mwanamke kuliko wa mwanamume, na hata wanaume hutumia miaka kuipata misuli hiyo. Nilichokipata mimi ni kupanda ngazi za ofisi nikizungumza, na kubeba gunia la mchele kutoka sokoni mpaka kwenye bajaji bila kumwita mtu.

Siku ya vyuma ninapiga makasia dakika chache tu za kupasha mwili moto, kwa sababu kiuno kilichochoka hakifai kuletewa chuma kizito. Siku za makasia marefu hukaa mbali na hizo: dakika 30 hadi 40 kwa mwendo ambao ningeweza kumjibu mtu kwa sentensi nzima. Mara moja kwa wiki hufanya vipande vifupi vya kasi vyenye mapumziko katikati. Mwenye presha aonane na daktari kabla ya kuanza, na anapoinua chuma asibane pumzi, bali aitoe taratibu wakati wa kuinua, kwani kubana pumzi hupandisha presha ghafla.

Asiye na fedha za ukumbi asijione ametengwa na jambo hili. Mitaani kwetu wapo vijana wenye vifua vipana walioanza na makopo ya rangi yaliyojazwa zege na gia za magari zilizochomekwa kwenye bomba la chuma. Nyumbani kuna ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa maji ni kilo 20 na ushee. Mtu aanze kwa kuishika kwa mikono miwili mbele ya mapaja, asukume nyonga nyuma na kuinama mgongo ukiwa umenyooka, kisha asimame. Halafu aibebe kwa mkono mmoja mmoja akitembea uani bila kuegemea upande. Maji yakishakuwa mepesi, ndoo ileile ikijazwa mchanga mkavu inapita kilo 30, ila kwanza akague kama mpini wake utauhimili uzito huo.