Nilivyoacha kufukuza miliwati nikageukia antena

"Ongeza nguvu, kaka." Hilo ndilo jibu nililopewa na kila niliyemuuliza kwa nini picha ya droni yangu inajaa chenga mapema. Muuza vifaa wa Dar alisema ongeza nguvu, na wenzangu tunaorusha nao wakasema hivyo hivyo. Nikaitoa transimita ya video ya miliwati 200, yaani kile kifaa cha kwenye droni kinachotuma picha, nikaagiza ya 800, laki na ushee, bado nauli ya kifurushi kwenye basi mpaka Kigoma. Nikaenda Katonga, kando ya ziwa, nikavaa miwani ya kuonea picha ya kamera ya droni, nikarusha kuelekea majini. Zamani chenga zilikuwa zinaanza kwenye mita kama 60. Sasa zikaanza kwenye mita mia na kidogo. Pesa yote ile kwa mita hamsini!

Usiku ule sikupata usingizi. Mimi ni fundi simu pale Mwanga, kazi yangu ni kutafuta kosa liko wapi, na hapa watu walikuwa wananifundisha kulifunika kosa kwa pesa. Hesabu yenyewe inakataa. Ili picha ifike mara mbili ya umbali, hata pasipo na kizuizi chochote, unahitaji nguvu mara nne. Kutoka 200 kwenda 800 ni mara nne, basi nilipata mara mbili yangu na habari ikaishia hapo. La kujiuliza lilikuwa kwa nini mwanzo wenyewe ulikuwa mita 60, wakati miliwati 200 zinatosha kuipeleka picha mbali kuliko jicho linavyoweza kuifuata droni.

Asubuhi nikazifungua antena zote mbili, ya droni na ya miwani, nikaziweka chini ya lenzi ninayotumia kukagua bodi za simu. Zilifanana kama mapacha: kichwa cheusi cha plastiki, shingo nyembamba, nati ya rangi ya dhahabu. Lakini kwenye kitako cha moja kulikuwa na herufi RHCP, na kwenye ya pili LHCP. Niliuziwa kwenye mfuko mmoja.

Antena nyingi za droni hizi hazitoi wimbi lililonyooka. Wimbi linatoka likijizungusha kama uzi wa skrubu, na liko la kulia, ndiyo hiyo R, na la kushoto, ndiyo L. Mwenye baiskeli atanielewa haraka: pedali ya kushoto uzi wake umegeuzwa, ukilazimisha kuifungia upande wa kulia utahangaika mpaka jua lizame. Antena ya L ikiongea na ya R unaweza kupoteza desibeli 20, yaani katika sehemu 100 za nguvu inabaki 1. Miliwati zangu 800 zilikuwa zinapokewa kama 8. Nane! Na hakuna hata mmoja wa wale washauri aliyewahi kuniuliza, "Antena zako ni za upande gani?"

Nikanunua R ya pili kwa elfu thelathini hivi, nikairudisha ile transimita ya 200, nikarudi Katonga. Droni ikapita mitumbwi iliyopandishwa mchangani, ikapita chanja za dagaa, ikazidi kwenda na picha imetulia tuli. Niliigeuza kwa sababu mpwa wangu, anayesimama kando yangu kuifuata kwa macho, alisema, "Mjomba, siioni vizuri tena." Picha yenyewe haikuwa na chenga hata moja.

Wimbi la kuzunguka lina faida nyingine ambayo sisi wa ziwani tunaihitaji zaidi. Likigonga maji au paa la bati na kurudi, mara nyingi linageuka upande, la kulia linakuwa la kushoto. Kwa hiyo antena yako ya R inalikataa lile linalorudi, inapokea lile lililokuja moja kwa moja. Ukitumia antena ya waya ulionyooka, mwangwi huo wote unaingia na kuvuruga picha, na droni ikiinama kwenye kona waya wa droni na ule wa miwani hazilingani tena.

Kwenye miwani mimi naweka mbili: moja ya duara na moja bapa. Ile ya duara ni kama karabai la wavuvi, inaangaza pande zote. Ile bapa ni kama tochi, inaona mbali lakini mbele yake tu. Zote mbili ziwe za upande mmoja na ile ya droni. Hata hiyo karabai ina giza lake: umbo la mawimbi yake ni kama kata ya kubebea ndoo, katikati kuna tundu. Ndiyo maana droni ikikaa juu ya utosi wako picha inachafuka ingawa iko karibu. Isogeze pembeni tu.

Kuhusu nati za antena, tazama ndani kabla hujafunga. Kuna aina mbili, SMA na RP-SMA, uzi wake unaingiliana vizuri kabisa, lakini katikati unaweza kukuta tundu linatazamana na tundu. Upande mmoja lazima uwe na pini. Transimita yangu ya kwanza kabisa iliungua hivyo mezani, imefungwa antena isiyogusa kitu. Transimita ikiwashwa bila antena nguvu inarudi ndani na kujipika yenyewe. Risiva, ile ya kwenye miwani inayopokea picha, haina shida hiyo, unaweza kuitoa antena yake wakati wowote, na hili lilikuja kuniokoa, nitalieleza.

Sasa kuilinda. Antena haifi kwa uzee, inakatika shingo siku droni inapobiringika. Nimekatikiwa na tatu. Ya nne nikasema haikatiki hii, nikafungua kile kifuniko cha plastiki, nikakijaza gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, nikaacha ikauke usiku kucha. Ikawa ngumu kama jiwe, niliigonga mezani kwa fahari. Nilipoiwasha, chenga zikarudi kama zamani. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Wimbi la gigahezi 5.8, ndilo linalobeba picha yangu, lina urefu wa milimita 52 hivi, na vijani vya shaba ndani ya antena vimekatwa kwa kipimo cha hewa inayovizunguka. Ukiviziba kwa gundi, wimbi linapita taratibu zaidi, antena inakuwa kama imeongezwa urefu, inashuka chini ya masafa yake. Gundi ni kwa nje, kwenye shingo, tena kidogo. Ndani ya kichwa usitie kitu chochote.

Dawa niliipata kwenye ndala kuukuu. Niliona kwamba kinachoiua antena ni kusimama imara. Nikakata kipande cha ndala kama sanduku la kiberiti, nikakitoboa kwa spoki iliyopashwa moto, nikapitisha waya wa antena humo, nikakifunga nyuma ya fremu kwa kebo tai mbili zilizopishana. Tundu nililitoboa kwa mshazari ili antena ilalie nyuma kidogo, maana droni ikienda mbele inainamisha pua na antena inanyooka. Kichwa chake kikae juu kuliko betri na kuliko fremu, kwa sababu kaboni ya fremu inaziba mawimbi. Droni ikianguka, ndala inakunjika na kurudi. Kebo tai ya tatu nimeipitisha juu ya waya kabla haujafika kwenye transimita, ili waya ukivutwa, mvuto uishie kwenye fremu. Kile kishikizo kidogo cha U.FL, kinachounga waya kwenye transimita, hakivumilii kuvutwa hata mara moja. Ukipata transimita yenye kishikizo cha MMCX, chukua hiyo, inabana zaidi.

Jumamosi moja tulikuwa Simbo, kwenye shamba la mzee mmoja mwenye michikichi anayeturuhusu kurusha. (Droni imesajiliwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na hatusogei karibu na uwanja wa ndege wala hatuendi Gombe, ile ni hifadhi ya taifa.) Napita kati ya michikichi, kuti likanikamata, droni ikaanguka. Shamba lile ukiingia ndani kila mti unafanana na mwenzake. Lakini kwenye miwani picha ilikuwa bado ipo, yenye chenga nyingi: kitako cha mchikichi na kishada cha chikichi nyekundu kikining'inia juu.

Nikaifungua ile antena ya duara kwenye miwani, nikabaki na bapa peke yake. Nikageuka taratibu nikiwa nimesimama pale pale. Chenga zikazidi, zikazidi, kisha zikapungua nilipoelekea upande wa bonde. Mpwa wangu akanishika mkono kuniongoza, hatua ishirini, nageuka tena, natafuta palipo safi. Kichwa changu chenyewe kinaziba mawimbi ya nyuma, kwa hiyo mwelekeo unajulikana vizuri. Kilichonitia hofu kilikuwa joto. Transimita inapozwa na upepo wa kuruka, na ikilala chini inajipika. Ingekuwa ile ya 800, nisingepata hata nusu ya muda niliouhitaji. Hii ya 200 ilinivumilia dakika 25, mpaka picha ikawa safi kiasi kwamba niliona siafu wakipita mbele ya kamera, halafu nikaona viatu vyangu mwenyewe.

Ilikuwa imelala ubavu, propela mbili zimevunjika, antena imesimama. Niliichomoa betri kwanza, nikagusa transimita: moto, lakini wa kuvumilika. Mwenye shamba akaja na panga lake, akainama, akaibonyeza ile antena kwa kidole, ikarudi.

"Mwanangu, hii si ndala?"

"Ndala, mzee."

Akaibonyeza tena mara mbili, akaitazama ikinyooka. Nyumbani niliona tundu limeanza kupasuka upande mmoja, nikakata kipande kingine. Ndala ile bado ina nafasi ya antena nne.