Nilivyozijua ladha za waini kwa karafuu na chai ya rangi

Mi nilianza uweita kwenye mgahawa mmoja huko Masaki nikiwa sijawahi kunywa waini zaidi ya Dompo ya harusini, sa siku ya tatu mama mmoja akaniuliza hii nyekundu ikoje, nikamjibu tamu sana mama, akaonja, sura ikajikunja kama kalamba ndimu. Kumbe ile ni kavu, haina sukari. Aibu niliyoona we acha tu.

Nikasoma chupa, wameandika blackberry sijui cherry, mtoto wa Mwananyamala navijulia wapi? Nikamuuliza mpishi wetu, mzee wa Kitanga, nikidhani wanachanganya hayo matunda humo ndani. Akacheka weee. Akasema mwanangu humo ni zabibu tu, harufu zinatokana na zabibu, hamira na pipa, we tafuta unazozijua. Akanambia ziba pua utafune iliki, sikusikia kitu cha maana, nilivyoachia pua iliki ikajaa kichwa kizima! Yaani kumbe mambo mengi tunayoita ladha ni pua.

Basi nikaenda soko la Kisutu nikabeba karafuu, pilipili hoho, pasheni, usiku nafumba macho mdogo wangu ananiletea kimoja kimoja nanusa, akawa anauliza dada umerogwa? Wiki mbili hivi. Hafu siku moja nimemimina nyekundu iliyolala kwenye pipa la mti wa mwaloni, ule wanaouita oak, nikaizungusha kwenye glasi, karafuu hiyo hapo! Na kweli, mbao za mwaloni zinatoa kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake. Ule ukakasi unaokwangua ulimi nao nilishaujua kitambo, ni chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, kwenye waini unatoka kwenye maganda na mbegu. Ikikutoa mate pembeni ya ulimi, hiyo asidi.

Kitu kingine ni joto la hapa Dar, nyekundu ikikaa kaunta inanuka spiriti tu, nikawa naiweka friji nusu saa, mtu wa kaunta akagoma eti nyekundu haipoozwi, tukagombana mpaka alipoonja.

Juzi mteja kauliza waini nyeupe ya New Zealand, Sauvignon Blanc, ikoje, nikamwambia pilipili hoho mbichi na pasheni. Akaniangalia kama namtania. Akanusa, akanusa tena, akamsogezea mumewe glasi.