Pointi ni deni la mwenye duka

Programu yetu ya wateja wa kudumu imeingia kazini leo hapa Kigoma. Saloni na vinyozi wa Mwanga, mama lishe, muuza vitenge, maduka ya rejareja ya Gungu, fundi cherehani wa Ujiji na mama wa dagaa wa Kibirizi wameanza kuwaandikia wateja wao pointi kwenye simu. Nimechoka, ila silali kabla sijaandika. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu tulipokuwa tunaijenga, na leo nimelishuhudia likifanya kazi.

Namna inavyofanya kazi haina maneno mengi. Mteja akinunua, mwenye duka anaingiza namba ya simu ya mteja na kiasi alicholipa. Pointi zikifika kiwango ambacho mwenye duka mwenyewe amekipanga, mteja anapata zawadi. Simu janja inamhusu mwenye duka tu; mteja mwenye kitochi anapokea meseji kama kawaida. Bando likiisha, mauzo yanabaki kwenye simu mpaka mtandao urudi. Mwenzangu anayeandika programu aliyamaliza hayo kwa ustadi mkubwa na sina la kuongeza.

Langu lilikuwa kuzunguka na kuongea na watu, na katika kuzunguka huko nilifika kwa mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nieleze huku yeye akiendelea kumpimia mteja. Akajaza kisado, akakisawazisha, halafu akachota konzi nzima ya nyongeza akaimwagia juu. Mteja alipoondoka akanigeukia.

"Mwanangu, nyongeza yangu naitoa mteja akiwa bado amesimama hapa. Akiondoka hanidai, simdai. Hizo pointi zako anaondoka nazo, halafu siku moja anarudi kunidai. Siku hiyo kama sina?"

Swali hilo ndilo lililoijenga programu yetu kuliko kitu kingine chochote. Mama yule aliona mara moja kitu ambacho matangazo ya mifumo hii huwa hayakisemi: pointi siyo zawadi, ni deni. Mwenye duka analikopa kwa mteja kidogo kidogo, kila siku, bila kusaini popote. Wafanyabiashara wa Kigoma wanaijua mali kauli, mtu anachukua mzigo leo kwa neno lake na analipa akishauza. Pointi ni mali kauli iliyogeuzwa: safari hii mteja ndiye anayetangulia kutoa, na mwenye duka ndiye aliyebaki na neno la kutimiza.

Kampuni kubwa zinalijua hili vizuri sana. Zinazoandaa hesabu kwa viwango vya kimataifa zinafuata kiwango kiitwacho IFRS 15, na humo sehemu ya fedha ya mauzo inayohusiana na pointi haihesabiwi kuwa mapato mpaka mteja azitumie au muda wake upite. Inakaa upande wa madeni. Shirika la ndege lina wahasibu wa kuliangalia deni hilo. Mama wa Kibirizi ana kichwa chake na daftari. Ukimpa mfumo unaomwonyesha wateja wanavyoongezeka bila kumwonyesha anavyodaiwa, umemtengenezea shimo mlangoni kwake.

Ndiyo maana hesabu ya "nunua kumi, la kumi na moja bure" inanitia wasiwasi kila ninapoisikia ikipendekezwa kwa duka lolote lile. Kitu kimoja kati ya kumi na moja ni punguzo la karibu asilimia 9. Kwa kinyozi haina shida kubwa: kunyoa kichwa kimoja bure kunamgharimu muda wake na umeme kidogo, na mara nyingi kiti chenyewe kingekuwa kitupu saa nne asubuhi. Lakini chukua duka la Gungu. Tuseme kilo ya sukari anainunua kwa shilingi 2,600 na anaiuza kwa 2,800. Kilo kumi zimemwachia shilingi 2,000. Ile ya bure inamtoa 2,600. Amefanya kazi ya kuuza kilo kumi na moja ili apoteze shilingi 600, na mteja wake mwaminifu kuliko wote ndiye anayemtia hasara kubwa kuliko wote.

Kwa hiyo hatukuweka kiwango kimoja kwa wote. Mwenye duka akijisajili, programu inamuuliza bei anayonunulia na anayouzia zile bidhaa zinazotoka sana, kisha inamwambia wazi zawadi fulani itamla faida kiasi gani. Wa Gungu wengi wameiacha sukari na unga wakachagua zawadi kwenye vitu vyenye faida nono kidogo. Muuza vitenge aliongeza lake: zawadi yake ni kushonewa pindo bure, kwa sababu cherehani anayo dukani na uzi haumfilisi. Nililipenda sana wazo hilo na nimewapelekea wengine walitazame.

Narudi kwa dagaa, maana huko ndiko mambo yalikokuwa mazito. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavua usiku kwa taa. Taa inawavuta samaki kuja juu kwa sababu kwingine kote ni giza. Mbalamwezi ikitanda, taa inakosa nguvu hiyo, na wavuvi wengi wanapumzika mpaka giza lirudi. Dagaa wanaadimika, bei inapanda. Sasa fikiria mama amewaahidi wateja kisado kimoja bure baada ya idadi fulani ya visado. Ahadi aliitoa gizani, wakati kisado ni rahisi. Wateja wakija kuidai mbalamwezi inapowaka, kisado kilekile kina bei nyingine kabisa. Na kuna marefu zaidi ya hayo: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Ahadi ya kisado katika miezi hiyo ingelipwa na nini?

Tuliamua kwamba kwa biashara za namna hii zawadi iandikwe kwa shilingi, siyo kwa kipimo. Punguzo la shilingi 1,000 linabaki shilingi 1,000 iwe giza au mbalamwezi. Tukaongeza kitu kimoja ambacho nilikipigania: mwenye duka anaweza kusimamisha utoaji wa zawadi kwa muda, lakini akisimamisha, muda wa pointi za wateja nao unasimama. Hakuna pointi inayokufa kwa sababu ziwa limefungwa. Mteja anapata meseji inayomweleza kwamba pointi zake zipo, na zitatumika duka likirudi katika hali yake. Mwenzangu alisema hili litatatiza hesabu, na kweli limetatiza, lakini ameliandika.

Katika kusoma nilikutana na utafiti wa Joseph Nunes na Xavier Drèze, uliochapishwa mwaka 2006. Waligawa kadi 300 kwenye sehemu ya kuoshea magari. Nusu ya wateja walipewa kadi yenye nafasi 8 za muhuri. Nusu nyingine kadi yenye nafasi 10, ila 2 zimeshagongwa tayari. Kazi iliyobaki ni ileile, mihuri 8. Waliopewa kadi tupu walioikamilisha ni asilimia 19. Waliopewa kadi iliyoanzishwa ni asilimia 34. Mtu akihisi ameshaanza safari, anaimaliza.

Nilikaa na utafiti huo muda mrefu nikijiuliza kama ni haki kuutumia. Kinyozi mmoja wa Mwanga ndiye aliyenisaidia. "Dada," aliniambia, "wateja wangu wanahesabu. Nikiweka kumi na jirani kaweka nane, wataniuliza mbona wewe unabana." Ana haki. Mteja wa mtaani anaona kadi zote mbili, na jambo likionekana kama ujanja litageuka kuwa fitina. Tumeiruhusu mihuri ya kuanzia, yaani pointi za bure za mwanzo, lakini kwa sharti kwamba iwe ya kweli: lengo libaki lilelile alilopanga mwenye duka na mihuri miwili ipunguze kazi ya mteja. Hapo ni ukarimu, na mwenye duka ameshaambiwa utamgharimu nini.

Wengi wameniuliza kwa nini pointi za saloni haziwezi kutumika kwa mama lishe. Inavutia, najua. Marekani kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza mwaka 1896 kuwauzia wenye maduka stempu; mteja alizikusanya kutoka maduka mbalimbali, akazibandika kwenye kitabu, akaenda kuchukua vyombo vya nyumbani kwa kampuni yenyewe. Pale aliyedaiwa anajulikana, ni kampuni, nayo ilishalipwa na wenye maduka mapema. Sisi hatuna mtaji wa kubeba deni la mji mzima, na kumwambia mama lishe atoe sahani ya wali na migebuka kwa pointi zilizotoka saloni, halafu asubiri mwisho wa mwezi tusuluhishe mahesabu, ni kumkopa mtu anayenunua mkaa wa siku hiyohiyo. Kwa sasa kila duka linalipa ahadi zake lenyewe.

Kuhusu daftari la madeni, nitasema kidogo. Mteja mwaminifu wa duka la mtaani mara nyingi ndiye huyohuyo anayekopa, na deni likimzidi anaanza kupita njia nyingine. Mzee mwenye duka Gungu aliomba pointi ziweze kukata deni. Zinaweza. Deni lenyewe halionekani kwenye programu, linabaki kwenye daftari lake. Sisi tunaandika tu kwamba zawadi imetolewa. Jioni hii mteja wake mmoja ameshatumia pointi za mihuri ya kuanzia kwa namna hiyo, na mzee amenipigia kunishukuru kana kwamba nimemlipia mimi.

Simu za huku zina mambo yake. Nyumba nyingine laini ni moja, anaishika baba, na namba anayotoa mama dukani ni hiyo. Meseji ikisema "umenunua kitenge cha shilingi 25,000" inaweza kuvunja amani ya mtu. Kwa hiyo meseji zetu hazitaji bidhaa wala bei, zinataja jina la duka na pointi zilizopo, na asiyetaka meseji kabisa anaachwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatudai ridhaa ya mteja na inatutaka tukusanye kinachohitajika kwa kazi iliyotajwa na basi. Nafurahi sheria hiyo ipo. Mtu mmoja mwenye hela alishaulizia kama tutauza orodha ya namba, na nilikuwa na cha kumwonyesha zaidi ya maneno yangu.

Meseji fupi inabeba herufi 160. Ukiweka alama ya moyo au uso wa kucheka, nafasi inashuka hadi 70, na meseji ikizidi hapo inakatika vipande, kila kipande na gharama yake. Muuza vitenge alitaka moyo. Tukaandika "Karibu tena" na amekubali.

Kwa wateja wa ng'ambo, wale wanaovuka kutoka Kongo na Burundi wenye namba za 243 na 257, meseji zinagharimu zaidi na wengi wana laini mbili tatu. Wao tumewapa kadi ndogo yenye namba ya mteja. Akija na kadi, anahesabiwa. Akiisahau, mwenye duka anamjua kwa sura na anatafuta jina.

Leo basi. Asubuhi nilikuwa Mwanga, mchana Gungu, alasiri Kibirizi. Ukurasa wa kwanza ambao mwenye duka anaufungua hauonyeshi idadi ya wateja. Unaonyesha neno "Unadaiwa" na kiasi kwa shilingi, kwa herufi kubwa kuliko zote. Tulibishana juu ya ukurasa huo. Tuliambiwa na mtu anayejua biashara hizi kuliko sisi kwamba utawatisha. Mama wa Kibirizi aliufungua, akakuta shilingi 300, akahesabu kwa vidole wateja gani wamezitengeneza, akasema, "Hili deni nalimudu," kisha akanyanyua kisado akaendelea na kazi. Nyongeza yake hajaiacha, bado anaimwaga juu kama zamani, na hatukuwahi kumwomba aiache.

Limebaki la Ujiji. Fundi cherehani ameniambia wateja wake hawaji kila wiki. Wanakuja kuelekea Idi, na shule zinapofungua Januari, basi. Muda wa pointi tuliouweka ni miezi sita, na kwa yeye mteja wa Idi moja anaweza kukuta pointi zimekwisha kabla ya Idi ijayo. Miezi kumi na nane ingemfaa zaidi, na deni lake linakua polepole kwa hiyo halimtishi. Mwenzangu ameshaanza kubadilisha ili kila duka lichague muda wake. Kesho asubuhi naipeleka Ujiji, fundi aikague kabla hatujawafungulia wengine.